Mafiga Matatu ya Bariadi

Watu wa pwani wakisema kijana fulani kapata jiko, hawana maana kwamba amenunua chombo cha kupikia. Maana yao ameoa. Neno moja limebebeshwa mahali pa kupikia, chombo cha kupikia na mwanamke anayepika, na ingawa usemi huo tumeuzoea kwa mzaha wa harusini, ndani yake mna historia ambayo sisi wapenzi wa lugha hatujaishughulikia ipasavyo. Wahenga walituachia pia methali ya kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Wafasiri wakaichukua kuwa ni habari ya ushirikiano, wakaishia hapo. Hawakuuliza mawe yale yaliokotwa wapi, wala kuni za kuchochea baina yake ziliendewa umbali gani, wala ni nani aliyeziendea.

Maswali hayo nataka kuyauliza hapa, ila sitayauliza juu ya Unguja wala Pemba. Nitayauliza juu ya Bariadi, mji wa Usukuma ulioko kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Nimeichagua Bariadi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ndogo: huko ndiko nilikojenga jiko langu la kwanza la kuni, na huko ndiko lilikopasuka. Ya pili ni kwamba katika nchi ile historia ya moto wa jikoni inasomeka waziwazi kuliko kwengineko. Miti ya huko ilikatwa kwa amri ya serikali, na miaka sitini baadaye serikali nyengine ikaja na wito kwamba kuni zitumiwe kwa kubana. Baina ya amri ya kwanza na wito wa pili alisimama mwanamke na mzigo wake kichwani.

Sisi wa visiwani tulilelewa na moto wa mnazi. Makumbi, vifuu, makuti makavu na vikole vilitosha kuivisha wali wa watu kumi, na aliyekuwa na uwezo alikuwa na seredani ya mkaa kwa ajili ya chai na samaki wa kuchoma. Kuni zetu, kwa hivyo, zilikuwa masalio ya biashara: nazi ilikwenda kuwa mbata, kumbi likabaki jikoni. Nilipohamishiwa Bariadi kufundisha nilichukua seredani yangu, nikidhani kila mji una moto wa namna ile ile.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo, Mnyantuzu wa hapo hapo, alikuja asubuhi ya pili kunijulia hali.

"Mwangaluka, mwalimu. Utapikia nini?"

Nikamwonesha seredani. Akatikisa kichwa.

"Hilo nimeliona. Nakuuliza utapikia nini?"

Ilinichukua muda kufahamu kwamba swali lake halikuwa la chombo. Alikuwa anauliza moto wangu utakula nini. Kwetu mtu huchagua jiko kwanza kisha akatafuta cha kulilisha. Kwa yule mama mpangilio ulikuwa kinyume, na baada ya kuijua nchi ile niliona kwamba mpangilio wake ndio sahihi. Mkaa uliuzwa mjini, lakini mshahara wa mwalimu haukuweza kuufuata hadi mwisho wa mwezi. Zilizokuwepo ni kuni za kununua kwa mafungu, vijiti vya pamba kwa msimu, na samadi kavu ya ng'ombe kwa wasiokuwa na chengine. Nikaamua kujenga jiko la udongo lenye mdomo mmoja, lile la kuni chache, ambalo nilikuwa nimesikia sifa zake.

Nilichimba udongo mweusi nyuma ya nyumba. Ulinata mkononi kama unga wa ngano uliokandwa vyema, nikaona nimebahatika. Nilijenga kuta za unene wa kiganja, nikaacha mdomo wa kuingizia kuni, nikaweka vinundu vitatu juu ili sufuria isikalie moto na kuuziba. Siku ya nne nikaliwasha. Kabla maji hayajachemka jiko lilikuwa limepasuka kutoka mdomoni hadi ukingoni, na ufa uliingia kidole.

Yule mama hakucheka, au alicheka akiwa kwake. Aliniambia kwamba nimechukua udongo wa mbuga. Wasukuma wana majina ya udongo kama sisi tulivyo na majina ya pepo za baharini: *luseni* ni mchanga wa miteremkoni, *itogolo* ni ardhi ngumu iliyo chini ya miteremko, na *mbuga* ni ule mweusi wa mabondeni, unaofura ukinywa maji na kupasuka ukikauka, hata wakati wa kiangazi nyufa zake huweza kumeza mguu wa mbuzi. Udongo huo huotesha pamba. Hauwezi jiko. Wa kujengea jiko ni wa kichuguu, kwa sababu mchwa wamekwisha kuusaga na kuufunga kwa mate yao. Unachanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, samadi kidogo na majivu yaliyochekechwa, unakandwa kwa miguu, unalazwa siku kadhaa, kisha ndipo unajengewa. Na jiko likishasimama halioneshwi jua wala moto. Linakaushwa kivulini wiki mbili au tatu, na kila ufa mwembamba unaojitokeza unapakwa udongo laini kwa kidole kilicholoweshwa.

Huo ndio utangulizi wa kujuana kwangu na jiko la kuni. Sasa niiache nyumba yangu nirudi nyuma, kwa sababu swali la yule mama lina umri mkubwa kuliko yeye.

Katika mji wa Kisukuma wa zamani palikuwa na mioto miwili. Mmoja uliwashwa uani jioni, karibu na zizi, na wanaume na vijana wa kiume wakauzunguka, uliitwa *shikome*. Hapo ndipo watoto wa kiume walipofundishwa nasaba, vitendawili, hadithi za watemi na adabu za ufugaji, na hapo ndipo tungo nyingi zilipokaririwa kabla ya kupelekwa uwanjani ambako vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana kwa maneno na kwa dawa. Moto wa pili ulikuwa ndani ya msonge, baina ya mawe matatu. Shikome imeandikwa na wataalamu, imesifiwa na viongozi, na jina lake limepewa vikao na mikutano. Moto wa ndani haukuandikwa. Ila ndio uliopika, na moshi wake ulikuwa na kazi zake: ulikausha mashuke ya mtama yaliyotundikwa darini kuwa mbegu, ulifukuza fukusi na mbu, na uliyahifadhi maezeko yasiliwe na mchwa. Mtu anayekuja na dohani ya kuutoa moshi wote nje hana budi kujua anaondoa na nini pamoja nao. Hilo halinifanyi niusifu moshi. Macho mekundu ya wapishi wa kale hayakutokana na kilio peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Nasema tu kwamba wanawake waliouvumilia hawakuwa wajinga wa madhara yake. Walikuwa na hesabu yao.

Kuni za moto huo zilikuwa wapi? Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwa karibu. Sehemu kubwa ya nchi baina ya Shinyanga na Serengeti ilikuwa pori la migunga na vichaka, na pamoja na pori hilo alikuwepo mbung'o, nzi aletaye nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 ilikuwa imekwisha kuwafagia mifugo. Watu wakapungua, pori likasonga mbele kwenye mashamba yaliyoachwa, na mbung'o akasonga nalo. Mwaka 1922 malale yalizuka upande wa Maswa, wilaya ambayo Bariadi ya leo ilikuwa sehemu yake. Serikali ya Waingereza ikamtegemea Charles Swynnerton, bingwa wa wanyama na wadudu, ambaye baadaye aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o yenye makao yake Shinyanga hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa yake kuu ilikuwa shoka. Watemi waliitwa, nao wakawaita watu wao kwa maelfu, na pori likafyekwa maili kwa maili ili mbung'o akose kivuli cha kuzalia.

Sitaki kuihukumu kazi hiyo kwa wepesi. Aliyemwona mtu wa malale akisinzia mpaka kufa hawezi kumwambia asiukate mti. Wasukuma wenyewe waliifanya kazi hiyo kwa hiari zaidi kuliko amri nyingi za Waingereza, kwani waliona ng'ombe wao wanarudi. Lakini inafaa tuone ni nani alikata na kwa sababu gani. Walikata wanaume, kwa mpango wa serikali, kwa ajili ya afya na mifugo. Mafiga matatu hayakuhusika.

Kisha ikaja pamba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia bei yake ilipanda, na mwaka 1947 serikali ikaanzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, uliochanganya kufyeka mapori mapya, kuhamisha watu, kuchimba malambo na kuwawekea wakulima sheria nyingi za matuta na mifugo. Sheria zilichukiwa, na chuki hiyo ikawa kuni kavu ya siasa za kudai uhuru katika Kanda ya Ziwa. Lakini pamba yenyewe ilipendwa. Vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions, chini ya Paul Bomani, vilikuwa miongoni mwa vikubwa kabisa barani Afrika. Jembe la kukokotwa na ng'ombe likaenea, na jembe hilo halipendi visiki. Kila mwaka shamba likanyoosha mkono wake mbele kidogo. Upande wa mashariki nako Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na pori lililobaki likawa la wanyama.

Hata hivyo Wasukuma walikuwa na kinga yao, nayo ni *ngitili*. Kila familia, au kijiji kizima, ilitenga eneo la majani na miti, ikalifunga tangu mvua zinapoanza, ikalifungua kiangazi ng'ombe wanapokosa malisho kwengine. Ilikuwa ghala la majani, lakini kwa mama wa nyumbani ilikuwa pia ghala la kuni, kwa sababu matawi makavu yaliokotwa humo. Ngitili ilitegemea jambo moja: kwamba mtu anakaa pale pale alipokaa baba yake, na majirani wanajua mpaka wake. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliufuta uhakika huo. Watu waliotawanyika juu ya ardhi zao walikusanywa katika vijiji vya safu, na ngitili zikabaki nyuma bila ya mwenyewe. Miti iliyokuwa karibu na vijiji vipya ikaisha upesi. Mwendo wa kwenda kuni ukawa mrefu, kisha mrefu zaidi, na mahali pengi ndipo samadi ilipoingia jikoni, hasa katika nyanda tupu za Maswa na Meatu. Samadi inayochomwa haifiki shambani, kwa hivyo mtama wa mwaka wa pili ndio unaoilipia chakula cha usiku wa leo.

Mambo yakiwa hivyo, lawama ikamwangukia mpishi. Bei ya mafuta ilipopanda duniani mwaka 1973, wataalamu wa nchi tajiri waligundua kwamba watu wengi zaidi hawapikii mafuta. Mwaka 1975 Erik Eckholm alitoa Washington kijitabu kilichoueleza uhaba wa kuni kuwa ndio mgogoro wa pili wa nishati, na kutoka hapo ikaenea imani kwamba misitu ya nchi maskini inaliwa na meko ya wanawake. Imani hiyo ilikuwa rahisi kubeba: kama mafiga matatu ndiyo adui, basi jiko bora ndiyo silaha. Miaka kadhaa baadaye watafiti wengine walionesha kwamba sehemu kubwa ya miti ilianguka kwa ajili ya mashamba, malisho na mkaa wa mijini, na kwamba mwanamke wa kijijini kwa kawaida huokota matawi makavu, hakati mti. Historia ya Bariadi ingewaambia hivyo tangu mwanzo, laiti wangeiuliza.

Ila makosa ya sababu hayakuyafanya majiko yenyewe kuwa mabaya, nami ningekuwa mnafiki nikiyabeza, kwani nilipikia. Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976, kulitokea jiko zito la udongo na mchanga lililoitwa Lorena, na sura yake ikaenea hadi Afrika. Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi na wataalamu walilitazama jiko la ndoo la Thailand wakatengeneza lile la bati lenye kiuno chembamba na kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake, ambalo leo limejaa katika masoko ya Afrika Mashariki. Lakini hilo ni la mkaa. Kwa kuni, Kenya ilitoa jiko la Upesi, ambalo ni kikombe cha udongo wa kuchomwa kinachofinyangwa na vikundi vya wanawake wa magharibi ya nchi hiyo na kuzungushiwa ukuta wa udongo nyumbani kwa mnunuzi. Kwetu Tanzania, CAMARTEC ilianzishwa Arusha mwaka 1981, na TaTEDO mwaka 1990, na zote mbili zimetumia miaka mingi katika habari hii ya majiko.

Baadhi ya majiko ya mwanzo yalishindwa, na kushindwa kwake kunafundisha. Yalipopimwa ilionekana kwamba mengi ya yale mazito hayakubana kuni kuliko mafiga matatu yaliyochochewa na mpishi makini. Sababu ni nyepesi. Udongo mwingi hunywa joto. Anayechemsha maharage au *michembe*, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vikiwa vibichi, hufaidika, kwa kuwa jiko likishapata moto hulirudisha joto hilo taratibu hata kuni zikiondolewa. Anayetaka uji wa mtoto alfajiri analisha jiko kwanza, kisha ndipo mtoto ale.

Na kuna jambo la ugali, ambalo nashangaa halikuwa la kwanza kuandikwa. Ugali wa mtama kwa familia ya Kisukuma si sahani ya watu wawili. Sufuria ni kubwa, unga ni mwingi, na mwiko unasukumwa kwa mabega yote mawili. Jiko jepesi la kubebeka husogea, huinama, au huangusha chungu. Mafiga matatu hayasogei. Mpishi akiyapanua yanapokea sufuria ya harusi, akiyabana yanapokea kibirika. Hakuna jiko la kiwanda linaloyafuata mafiga katika hilo, na yeyote anayetaka kuyaondoa lazima ajibu kwanza habari ya ugali. Mimi jiko langu la pili nililijenga kwa kulipima na sufuria niliyokuwa nayo, kama yule mama alivyoniamuru: ukingo usizidi tumbo la sufuria kwa zaidi ya upana wa kidole, ili moto uilambe sufuria ubavuni badala ya kuipita, na mdomo usiwe mkubwa, kwa sababu mdomo mkubwa humshawishi mpishi kuujaza.

Hilo la kujaza ndilo kosa la kila mgeni. Mimi nilidhani moto mkubwa unatokana na kuni nyingi. Kuni zikijazwa mdomoni hewa hukosa njia, moto husinzia, na moshi wote unakuja usoni. Kuni tatu nyembamba, zilizopasuliwa na kukaa jua la kiangazi kizima, zikiungua nchani tu na kusukumwa kila zinapopungua, huchemsha maji kabla gogo bichi halijaacha kutoa povu. Sufuria ifunikwe. Majivu yachotwe kila asubuhi ili hewa ipite chini. Na kuni za mvua zisubiri zamu yake juu ya ukuta wa jiko, zikauke kwa joto la kuni zilizotangulia. Mambo haya hayamo katika jiko. Yamo mkononi mwa mpishi, na ndiyo maana jiko lile lile hubana kuni nyumba hii na kuzimaliza nyumba ya pili.

Vijiti vya pamba vina elimu yake peke yake. Kanuni za zao hilo zinamtaka mkulima ang'oe miti ya pamba baada ya mavuno na kuichoma, ili wadudu wasipate mahali pa kungojea msimu ujao. Mama wa Bariadi anaziona kuni za miezi. Akizipanga uani, bwana shamba anaona maskani ya wadudu. Wote wawili wana haki. Vijiti hivyo huwaka kwa kasi na kuisha kwa kasi, kwa hivyo katika mafiga matatu vinahitaji mtu akae pale pale avilishe bila kuinua kichwa. Katika jiko lenye mdomo mwembamba vinatulia kidogo. Hapo ndipo nilipoona faida ya kweli ya jiko la udongo katika nchi ya pamba: linafanya takataka za zao la biashara ziwe kuni za kutegemewa, kama makumbi yalivyo kwetu.

Wito niliotaja mwanzoni ulikuja mwaka 1986, serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, kwa msaada wa Norway na baadaye kwa ushirikiano na kituo cha utafiti wa kilimo-mseto cha ICRAF. Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Mwanzoni HASHI nayo ilitembea katika njia za zamani: vitalu vya miche, milusina na mijohoro kwa safu, na mafunzo ya majiko ya kubana kuni. Kilichofanikiwa zaidi hakikutoka kitaluni. Wataalamu walikubali kurudi kwa wazee na kuuliza ngitili ilikuwaje. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mpango ulipofungwa mwaka 2004 hesabu zilizochapishwa zilikuwa zimepita hekta 300,000. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua vilipoachwa na ng'ombe kwa misimu kadhaa. Mizizi ilikuwa hai chini muda wote huo.

Napenda msomaji aone mizani ya jambo hili. Jiko bora lilimpunguzia mpishi kuni anazochoma. Ngitili ilimpunguzia mwendo wa kuziendea. Kwa mwanamke anayebeba mzigo kichwani, la pili ndilo kubwa, nalo halikuletwa na chombo chochote. Lililetwa na haki ya kufunga ardhi na kuheshimiwa mpaka. Wala haki hiyo haikumfikia sawasawa, kwa kuwa ngitili nyingi ziliandikwa kwa jina la mume, na mjane au mke asiyekuwa na mtoto wa kiume aliweza kujikuta anaomba ruhusa ya kuokota tawi katika pori alilolilinda yeye mwenyewe.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha Watanzania 80 katika kila 100 ifikapo mwaka 2034. Mitungi ya gesi imefika Bariadi mjini, na nimeiona ikitumika kwa chai na kwa mboga, huku ugali na maharage vikibaki kwenye kuni. Wapimaji wakiandika kwamba nyumba ile inatumia gesi hawatakuwa wamesema uongo.

Jiko langu la pili liliishi miaka mitatu. Nilipopata uhamisho wa kurudi kisiwani, mwenye nyumba alitaka chumba cha jiko kiwe cha kupangisha, akalibomoa kwa sururu asubuhi moja. Udongo wake kwa wakati huo ulikuwa umeungua ukawa mwekundu kama kigae. Yule mama alikuja na karai akavikusanya vipande vyote, maana udongo uliokwisha kuiva ukitwangwa na kuchanganywa katika udongo mpya wa kichuguu huuzuia usipasuke. Alikuwa anajenga lake, la kwanza, baada ya kuniangalia mimi nikikosea kwa niaba yake. Alilipima kwa sufuria mbili, si moja, na mdomo akauelekeza upande usiokuja upepo wa kiangazi. Mafiga yake matatu hakuyatupa. Alimwambia mwanawe ayabingirishe hadi nje, chini ya mwembe wa uani, na nilipokwenda kuaga yalikuwa yamekaa pale, meusi kwa masizi, yamepangwa kwa upana wa sufuria kubwa.